Wati Mia Kwenye Taa Kubwa: Mwongozo wa Kuongeza Mwanga wa Gari Bila Kuunguza Waya

Usiku, kwenye barabara zetu kuu, hakuna anayekumulikia ila wewe mwenyewe. Kati ya Chalinze na Segera, au pale barabara ya Morogoro kwenda Iringa inapokatiza Hifadhi ya Mikumi, dereva hutegemea taa zake kuona lori lililoharibika na kuwekewa matawi ya miti tu, mwendesha baiskeli asiye na kiakisi, nyati anayevuka taratibu. Taa zikiwa hafifu, vitu hivi huonekana vikiwa vimeshafika puani. Ndiyo maana swali moja halikauki kwenye maduka ya spea: "Una globu za wati mia?"

Muuzaji anazo. Fundi anazichomeka kwa dakika chache na dereva anaondoka amefurahi. Majuma machache baadaye holda ya plastiki imeyeyuka, swichi ya taa inatoa harufu ya kuungua, na kwa asiye na bahati taa zote mbili zinazimika kwa pamoja akiwa kwenye kona.

Msimamo wangu nauweka mbele kabisa. Magari mengi yanayolalamikiwa taa hayana ubovu wa globu. Umeme haufiki wote kwenye globu, kioo kimefifia, au taa imeelekezwa kusikotakiwa. Kwa hiyo tutaanza kwa kurudisha mwanga uliopotea, ndipo tuongeze wati kama bado zinahitajika.

Mfano wangu ni globu ya H4, ile ya miguu mitatu, kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye Probox nyingi, Hiace nyingi na Land Cruiser za mkonga. Globu hii ilianza kutumika mwaka 1971. Ndani yake mna nyuzi mbili: ya dimu yenye wati 55 na ya fulu yenye wati 60, ndiyo maana kwenye pakiti huandikwa 60/55. Zile kubwa huandikwa 100/90. Gari lako likiwa na globu ya uzi mmoja, kama H7 au H11, hesabu na tahadhari ni zile zile. Kinachobadilika ni idadi ya waya.

Hatua ya kwanza: pima umeme unaofika kwenye globu

Usinunue chochote kabla ya kipimo hiki. Kinahitaji multimita ya kawaida na mtu wa kukusaidia kuwasha taa.

Washa injini, washa taa za dimu, kisha pima volti kwenye vichwa vya betri. Gari lenye altaneta nzima litasoma takriban volti 13.5 hadi 14.4. Sasa nenda nyuma ya taa. Bila kuchomoa plagi, ingiza ncha za multimita kwa nyuma ya plagi hadi ziguse vyuma vya waya wa dimu na waya wa pamoja, taa ikiwa inawaka. Ni lazima taa iwe inawaka, kwa kuwa waya mchovu usiobeba mzigo husoma volti kamili na kukudanganya.

Toa kipimo cha pili kwenye kile cha kwanza. Tofauti ikiwa chini ya nusu volti, waya zako ni nzima. Ikizidi volti moja, umepata mwizi wa mwanga. Na wizi huo si mdogo: mwanga wa globu ya halojeni haupungui sawasawa na volti, hupungua kwa kasi zaidi. Globu inayotoa mwanga wake kamili kwa volti 13.2 hupoteza zaidi ya robo ya mwanga huo ikipewa volti 12. Ikipewa 11.5 hubakiwa na kama asilimia 63 tu.

Umeme huo hupotelea njiani. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme wa taa hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, huingia ndani hadi kwenye swichi ya usukani, hurudi tena kwenye boneti, hupita kwenye plagi zilizoota kutu, ndipo ufike kwenye globu. Waya wenyewe ni mwembamba, kwa sababu kiwanda kiliupima kwa wati 55 na 60, basi.

Sasa chukua globu ya wati 90 uchomeke kwenye njia hiyo hiyo. Mkondo wa umeme unaongezeka mara 1.6, na volti zinazopotea njiani nazo zinaongezeka mara 1.6. Joto ndani ya waya ndilo la kuogopa, maana halifuati mkondo bali mraba wake: linakuwa mara 2.7 ya lile la awali. Hapo ndipo holda na swichi zinapoungulia. Dereva amelipia wati 90 na anapata mwanga kiasi tu, wati nyingine zinapasha moto plastiki.

Hatua ya pili: safisha kioo na kagua sahani ya ndani

Kioo cha plastiki huwa cha njano kwa jua. Kama chako kimefikia hapo, globu ya wati yoyote itamulika ukungu. Kisugue kwa msasa wa maji, anza na namba 800, kisha 1500, kisha 2000, ukimwagia maji muda wote, malizia na dawa ya kung'arisha rangi ya gari. Ukimaliza paka vanishi angavu ya kuzuia miale ya jua, la sivyo unjano utarudi baada ya muda mfupi.

Halafu chomoa globu uchungulie ndani. Ile sahani inayong'aa kama kioo ndiyo inayokusanya mwanga na kuutupa mbele. Ikiwa imechujuka, ina vumbi jeusi au imebanduka rangi ya fedha, hakuna globu itakayoiokoa. Badilisha taa nzima. Usiifute kwa kitambaa, kwa sababu ule utando wa fedha ni mwembamba mno na hutoka na kitambaa.

Hapa pia ndipo unapoamua kama taa yako inaweza kubeba wati mia. Taa za zamani zenye kioo halisi na sahani ya chuma, kama zile za mviringo za Land Cruiser za mkonga na Land Rover, huvumilia joto. Taa za kisasa zenye kioo cha plastiki na sahani ya plastiki zimepigiwa hesabu ya wati 55 na 60 tu. Ukiweka 100/90 humo, plastiki huanza kufifia na kujikunja kwa ndani, na hiyo haisuguliki kwa msasa. Kwa taa za namna hiyo jibu langu ni hapana. Baki na 60/55, kisha fanya kazi ya waya inayofuata. Utashangazwa na mwanga utakaoupata.

Hatua ya tatu: chagua globu kwa kusoma pakiti

Kuna globu za rangi ya buluu ambazo pakiti zake zimeandikwa 55W kwa herufi ndogo, halafu 100W kwa herufi kubwa. Wati halisi ni zile 55. Ile mia ni madai kuwa mwanga wake unafanana na wa wati mia. Rangi ya buluu juu ya glasi hukata sehemu ya mwanga, kwa hiyo barabarani mara nyingi unaona kidogo kuliko globu nyeupe ya kawaida, hasa mvua ikinyesha. Ziache dukani.

Globu za 100/90 za kweli zina suala jingine. Hazimo kwenye orodha ya globu zilizoidhinishwa kwa barabara chini ya Kanuni namba 37 ya Umoja wa Mataifa, na watengenezaji waaminifu huandika kwenye pakiti kuwa ni za matumizi ya nje ya barabara. Mahali pake ni mashambani, migodini, kwenye njia za hifadhi, mahali ambapo hukutani na gari jingine usoni. Gari linaloshinda kwenye lami lina njia bora zaidi ya kupata mwanga mwingi wa mbali: spotilaiti mbili zenye rilei yake, zinazowaka fulu inapowaka na kuzimika ukirudi dimu.

Globu za LED za kuchomeka kwenye taa ya halojeni sizipendekezi. Sahani ya taa imechongwa kwa kufuata mahali uzi wa globu ulipo, na kosa la milimita moja linatosha kutawanya mwanga. Ndani ya H4 kuna kikombe kidogo cha chuma chini ya uzi wa dimu, kazi yake ni kuzuia mwanga usipande machoni mwa wenzako. LED nyingi za bei nafuu huiga kikombe hicho vibaya.

Vyovyote utakavyochagua, nunua globu mbili kwa pamoja. Globu iliyozeeka huwa na weusi ndani ya glasi, na ukibadilisha moja taa zitatofautiana.

Hatua ya nne: funga waya mpya na rilei

Hii ndiyo kazi yenyewe, na inafaa kwa kila gari lenye taa hafifu, liwe la 60/55 au 100/90. Wazo lake ni rahisi: umeme wa kuwasha taa utoke moja kwa moja kwenye betri kwa waya mnene na mfupi, na swichi ya zamani ibaki na kazi ya kutoa amri tu. Rilei ndiyo inayopokea amri hiyo. Koili yake hutumia kama robo ya ampia hivi au chini yake, kwa hiyo swichi yako itapumzika maisha yake yote.

Tafuta rilei mbili za volti 12 na ampia 40, moja ya dimu na moja ya fulu. Fyuzi mbili za ampia 25 na vikasha vyake visivyopitisha maji. Waya wa milimita 4 za mraba wa kutoka betri hadi kwenye rilei, na wa milimita 2.5 wa kutoka kwenye rilei kwenda kila taa na kutoka kila taa kwenda kwenye bodi. Holda mbili za H4 za kauri, si za plastiki. Waya uwe wa shaba tupu. Waya wa bei ya kutupa mara nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ukwangue kwa kisu, ukiona weupe ndani mrudishie mwenye duka. Seti zilizokwisha kufungwa zinauzwa, ila kagua unene wa waya zake kabla ya kulipa, kwa maana nyingi zina mpira mnene na shaba kidogo.

Kabla ya kuchomoa chochote, tambua miguu ya plagi ya zamani. Acha globu ya upande wa pili mahali pake, chomoa plagi ya upande ulio karibu na betri, weka ncha moja ya multimita kwenye chuma cha bodi, na kwa ncha nyingine pima kila mguu, kwanza taa zikiwa dimu, kisha fulu. Mguu ambao namba yake haibadiliki ndio wa pamoja. Ukisoma sifuri daima, gari lako huwasha taa kwa kuleta chanya, kama wengi wanavyodhani magari yote huwasha. Ukisoma volti 12 daima, gari lako huwasha kwa kukamilisha hasi. Toyota nyingi, zikiwemo Land Cruiser na Hilux, ziko hivi, na ndizo zinazowasumbua mafundi wasiopima. Mguu wa dimu ni ule unaotofautiana na wa pamoja wakati taa ziko dimu. Uliobaki ni wa fulu. Ziandike alama.

Sasa fungua hasi ya betri, fanya kazi.

Rilei ina miguu yenye namba, na namba hizo ni zile zile kwa watengenezaji karibu wote. Mguu 30 unapokea umeme wa betri kupitia fyuzi. Mguu 87 unapeleka umeme kwenye taa. 85 na 86 ni koili. Ikiwa na mguu wa tano, 87a, uache wazi na uuzibe kwa tepu.

Peleka waya wa milimita 4 kutoka chanya ya betri hadi mguu 30 wa kila rilei, kila mmoja na fyuzi yake. Fyuzi iwe karibu na betri kadiri iwezekanavyo, ndani ya urefu wa kiganja na kiwiko, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Nimesema fyuzi mbili kwa makusudi: ya dimu ikikatika ukiwa njiani, utabakiwa na fulu, na utafika. Fyuzi moja ya pamoja ikikatika, unabaki gizani kwa kasi ya kilomita themanini.

Kutoka 87 ya rilei ya dimu toa waya mbili, moja kila taa, ziingie kwenye mguu wa dimu wa holda mpya. Fanya vivyo hivyo kwa fulu. Mguu wa pamoja wa kila holda uende kwenye bodi ya gari karibu na taa yake: kwangua rangi hadi chuma king'ae, funga kwa boliti, paka grisi juu. Taa nyingi zinazowaka hafifu upande mmoja zina kasoro hapa tu.

Koili zipate amri kutoka kwenye ile plagi ya zamani. Rilei ya dimu: unganisha 85 kwenye mguu wa pamoja na 86 kwenye mguu wa dimu. Rilei ya fulu: 85 kwenye wa pamoja, 86 kwenye wa fulu. Ukifunga hivi, haijalishi gari linaleta chanya au linakamilisha hasi, koili itavuta tu, mradi rilei iwe ya kawaida isiyo na dayodi ndani. Plagi ya zamani ya upande wa pili izibe kwa tepu, uifunge pembeni.

Kwenye Toyota zinazokamilisha hasi unaweza kukuta ile taa ya buluu ya dashibodi haiwaki ukipiga fulu, au rilei ya dimu inabaki imeshika. Sababu ni kwamba taa hiyo ya buluu ilikuwa ikipata umeme wake kupitia uzi wa dimu, na uzi huo haupo tena kwenye njia ile. Mwambie fundi aitoe kwenye njia ya zamani, aipe waya wake kutoka 87 ya rilei ya fulu na upande wa pili aufunge kwenye bodi. Usikubali kuondoka bila taa hiyo. Ndiyo inayokukumbusha kushusha mwanga.

Viungo vibanwe kwa koleo la kubania au vilehemiwe. Kusokota waya na kuzungushia selotepu hakufai kwenye boneti yenye joto na mtikisiko. Pitisha waya ndani ya mpira wa mikunjo, mbali na manifoldi na feni. Rilei zining'inie miguu ikitazama chini ili maji ya mvua yasituame ndani.

Hatua ya tano: ingiza globu

Usishike glasi kwa vidole. Mafuta ya ngozi huungua juu ya glasi na kuacha doa la joto linaloipasua. Shika kwa chini, na ukiigusa kwa bahati mbaya ifute kwa spiriti na kitambaa safi. Hakikisha masikio matatu ya globu yamekaa kwenye nafasi zake na chemchemi imebana. Rudisha kifuniko cha mpira cha nyuma. Kikiwa kimepasuka nunua kingine, kwani tone la maji baridi juu ya globu ya moto linatosha kuivunja.

Hatua ya sita: elekeza taa ukutani

Kazi yote ya nyuma haina maana ukiruka hapa. Pakia gari kama unavyolitumia, jaza upepo kwenye matairi, simamisha gari mahali tambarare mita 10 kutoka ukutani, mtu akae kwenye kiti cha dereva. Pima kutoka ardhini hadi katikati ya taa, kisha chora mstari ukutani kwa kimo hicho hicho, na mwingine sentimita 10 chini yake. Washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uguse mstari wa chini. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda, tunakoendesha kushoto, upande wa kulia wa ukingo huo unapaswa kulala tambarare na upande wa kushoto upande juu kidogo kumulika bega la barabara. Zungusha skrubu zilizo nyuma ya taa hadi upate umbo hilo.

Msomaji wa Burundi au mashariki ya Kongo mwenye gari lililotoka Japani azingatie jambo moja: taa hizo zimetengenezwa kwa kuendesha kushoto, kwa hiyo ule mwanga unaopanda unaingia moja kwa moja machoni mwa anayekuja mbele yako. Skrubu haziwezi kurekebisha hilo. Tafuta taa za kuendesha kulia kabla ya kufikiria wati zaidi.

Probox iliyopakia magunia nyuma huinua pua, na dimu yake inakuwa kama fulu. Kama gari lako lina kitufe cha kushusha taa kwenye dashibodi, kitumie kila unapopakia.

Hatua ya saba: jaribu kabla ya safari

Washa taa kwa nusu saa injini ikiunguruma, kisha gusa waya, holda kwa nje, rilei na vikasha vya fyuzi. Uvuguvugu ni kawaida. Kitu kisichoshikika kwa mkono kina kiungo kibovu, kirudie. Pima tena volti kwenye globu kama ulivyofanya mwanzo. Tofauti na betri sasa iwe chini ya nusu volti. Kama umeweka 100/90, washa pia feni, waipa na kiyoyozi gari likiwa sailensa. Volti za betri zikishuka chini ya 13, altaneta imelemewa au imechoka, na betri itakuishia usiku wa mvua.

Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Kuweka fyuzi ya ampia 40 mahali pa 25, au kuizungushia waya, ni kuufanya waya wa taa uwe fyuzi, na waya huo unapita kando ya bomba la mafuta.

Na fundi atakayekwambia rilei ya nini wakati globu inaingia yenyewe, mshukuru, funga boneti, upeleke gari kwa fundi mwingine.